SOMO: TAREHE KATIKA KOMPYUTA ZA CHAMA

Ndugu Makatibu na Watunza Hazina,

Sisi husema saa mbili asubuhi. Kompyuta huandika 8:00. Wakati ni ule ule, ila mwanzo wa kuhesabu ni mbalimbali. Kompyuta nazo hutofautiana hivyo hivyo, na chama kisipolielewa jambo hili chaweza kumdhulumu mwanachama.

Kompyuta haiweki tarehe kama tuiandikavyo daftarini. Huweka hesabu ya muda uliopita tangu siku maalumu. Mfumo wa Unix huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Windows huhesabu tangu Januari 1, 1601, tena kwa vipande vidogo: sekunde moja ni vipande 10,000,000. Majedwali ya Excel huhesabu siku, nayo yana kalenda mbili, ya 1900 na ya 1904, zinazopishana kwa siku 1,462.

Tuchukue mfano. Mkopo unaopaswa kumalizwa Juni 30, 2030 umeandikwa kwa kalenda ya 1904. Hesabu hiyo ikihamishiwa jedwali la kalenda ya 1900 bila kurekebishwa, itasomeka Juni 29, 2026. Mwanachama mwaminifu ataonekana amechelewa kulipa.

Hatari ya pili ni ukubwa wa nafasi. Programu nyingi za zamani ziliitengea hesabu ya Unix biti 32, ambazo mwisho wake ni sekunde 2,147,483,647. Kikomo hicho kitafika Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Ikizidi hapo, tarehe hurudi Disemba 1901. Mifumo mipya hutumia biti 64, lakini mkopo wa miaka 15 uliotolewa 2024 huishia 2039. Programu ya zamani yaweza kuukosea hata sasa.

Basi, tuzingatie haya:

1. Wakati wa kuhamisha kumbukumbu, tarehe ziandikwe kwa maneno yasomekayo, mwaka kwanza: 2030-06-30.
2. Baada ya kuhamisha, tarehe zilinganishwe na daftari la mikopo.
3. Kabla ya kununua programu, ijaribiwe kwa tarehe ya mwaka 2040.
4. Daftari lisitupwe kabla ya ukaguzi.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Je, chama chenu kina mikopo inayovuka mwaka 2038?
(b) Ni nani anayehakiki tarehe kabla mwanachama hajaandikiwa barua ya madai?