Taji ya Viumbe ni Nini?

Wengi wetu tulifundishwa katika darasa la kipaimara ya kuwa mwanadamu ndiye taji ya viumbe, naye amepewa kuitawala dunia. Mimi nami nimewafundisha watoto vivyo hivyo miaka mingi, na Mwanzo 2:15 nikaipita upesi. Sikilizeni basi fundisho lililonirudi.

Huko Skotlandi alikuwako mwamuzi mmoja, Adam Gifford, aliyefariki mwaka 1887. Kwa wasia wake aliviachia vyuo vikuu vinne, yaani Edinburgh, Glasgow, St Andrews na Aberdeen, paundi 80,000, ili wenye elimu waitwe kufundisha habari za Mungu, jinsi anavyojulikana kwa viumbe vyake. Akaagiza milango iwe wazi kwa watu wote, si kwa wanafunzi peke yao. Mafundisho hayo yalianza mwaka 1888, na hata leo yangaliko.

Mwaka 1984 na 1985 aliyefundisha Edinburgh alikuwa Jürgen Moltmann, Mjerumani. Zamani alikaa Skotlandi kama mfungwa wa vita, maana alikamatwa mwaka 1945. Sasa alirudi kama mwalimu. Akalikaza neno hili: taji ya viumbe si mwanadamu, bali ni Sabato. Mwanadamu aliumbwa siku ya sita, lakini kazi ilitimia siku ya saba, Mungu alipostarehe na kuibariki. Tena, kwa kuwa mwanadamu aliumbwa mwisho, yeye ndiye anayevihitaji vyote vilivyomtangulia: nuru, maji, mimea na wanyama.

Basi, kutawala si kunyang'anya. Mwanzo 2:15 yatuonyesha mtu aliyewekwa bustanini ili alime na kutunza; mwenye bustani ni Bwana. Walawi 25 yaagiza hata shamba lipumzike mwaka wa saba. Lakini sisi twaitakasa Jumapili, kisha Jumatatu twaukata mti wa mwisho juu ya chemchemi. Watoto wetu watateka maji wapi?

Wala tusidhani ya kuwa viumbe vyaweza kutuokoa. Wokovu wetu u katika Kristo peke yake. Lakini mtoto aliyesamehewa haiharibu kazi ya mikono ya Baba yake.

Maswali ya kujifunza:
1. Walawi 25 yasema nini juu ya mwenye nchi?
2. Soma Warumi 8:19-22. Viumbe vyangoja nini?
3. Usharika wetu utatunza chemchemi ipi mwaka huu?