Kwa Mwanafunzi Anayekwenda Kusoma Arusha

Ukipata nafasi ya kusoma Arusha, usidhani moja kwa moja kwamba utakaa mjini. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru. Chuo kikuu cha Walutheri kiko Makumira. Chuo Kikuu cha Arusha kiko Usa River, na kituo cha mafunzo cha MS-TCDC, ambako wageni wengi wamejifunzia Kiswahili, hakiko mbali na hapo. Vyote viko upande wa barabara ya Moshi, chini ya Mlima Meru. Wa Chuo cha Uhasibu na taasisi ya menejimenti ya ESAMI, kule Njiro, wao wanaweza kusema wanasoma jijini.

Mimi nilitoka Kisumu kusoma shahada ya uzamili Tengeru, na muhula wa kwanza nilipanga chumba Sakina, upande wa pili kabisa wa mji. Kila alfajiri kifodi hadi mjini, kisha kingine hadi Tengeru. (Kifodi ni daladala, jina hilo utalisikia sana kwa watu wa Arusha.) Jioni nilirudi nimechoka, kitabu sikigusi. Panga karibu na chuo. Mjini utakwenda Jumamosi ukitaka.

Chumba usikilipie ukiwa bado kwenu. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye huchukua ya mwezi mmoja. Nilituma pesa kwa simu kabla sijafika, nikakuta chumba kina mtu, na nusu ya pesa hiyo sikuiona tena. Lala wiki ya kwanza hosteli au nyumba ya wageni, tembea mwenyewe, uliza kama maji yanatoka kila siku na kama mita ya umeme (LUKU) ni yako peke yako au mnachangia. Mkiandikiana mkataba, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa ukajitambulishe. Siku ukipata shida, huyo ndiye atakayesema anakufahamu.

Mpakani Namanga, kutoka Kenya, Uganda au Kongo, shika kadi ya chanjo ya homa ya manjano pamoja na pasipoti. Mifuko ya plastiki iache upande wa pili. Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019. Kibali cha kusoma anza kukifuatilia mapema kupitia ofisi ya chuo chako, usingoje siku ulizopewa mpakani ziishe.

Sasa maji, na hapa naomba unisikilize vizuri. Miamba ya Meru ni ya volkano, na maji mengi ya visima na chemchemi zake yana madini ya floraidi kupita kiasi. Utayaona matokeo yake kwenye meno ya watu waliozaliwa huku: yana rangi ya kahawia, na wala si kwa kutopiga mswaki. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa pia. Kosa la wageni, nami nilikuwa mmoja wao, ni kuchemsha maji na kuamini yamekuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki; maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe huzidi kukolea. Kwa miaka mingi kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikichuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Pale Tengeru, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la mchanga na nanoteknolojia, akashinda nalo tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza mwaka 2015, ya kwanza kutolewa. Mwanafunzi anayeishi juu ya tatizo ambalo maabara yake inalitafutia dawa ana bahati ya aina yake. Hata hivyo, maji ya kunywa nunua yaliyochujwa floraidi, hasa ukija na mtoto mdogo ambaye meno yake bado yanaota.

Lugha utadhani unayo. Nami nilidhani. Siku ya kwanza sokoni nilisema, "Nipe nyanya za elfu moja," na mama muuzaji akaniangalia kama niliyemtukana. Sema "naomba". Kabla ya hapo sema "shikamoo, mama", ngoja "marahaba", uliza habari za nyumbani, ndipo uulize bei. Kwenye kifodi, ukikaribia kituo, "konda, shusha hapo" inatosha. Githeri ya kwetu huku ni makande, na ukikaribishwa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, chakula cha Waarusha na Wameru, usikatae. Mtori wa ndizi utakufaa Juni na Julai, kwani Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi na baridi ya miezi hiyo ni ya kweli. Beba sweta zito. Machi hadi Mei ni masika; barabara za ndani zinageuka tope, na buti za mpira ndizo zitakazokufikisha darasani.

Jumamosi ni gulio la Tengeru: ndizi, parachichi, mitumba, umati mpaka barabarani. Simu itie mfuko wa ndani. Ukitaka utulivu, Ziwa Duluti, lililo ndani ya kreta ya kale, liko hatua chache kutoka hapo.

Hifadhi ya Arusha iko mwendo mfupi kutoka Usa River. Ukiwa raia wa Afrika Mashariki chukua kitambulisho, maana unalipa kiingilio kwa shilingi na kwa bei ya chini sana kuliko mgeni wa mbali. Meru yenyewe ina urefu wa mita 4,566, ya pili Tanzania baada ya Kilimanjaro, na hupandwa kwa siku tatu au nne pamoja na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Usiupande muhula wa kwanza; mwili uzoee kwanza.

Fika wiki mbili kabla ya masomo kuanza, na siku hizo zitumie kutembea Tengeru kwa miguu ukisalimia watu.