Vihami Katika Nyaya za Mlingoti wa Redio

Ukitembea barabarani utaona nguzo za umeme zilizokazwa kwa waya wa pembeni. Baadhi ya nyaya hizo zina kitu cha kauri mfano wa yai. Hicho ni kihami. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni pambo tu, nami nikibembea kwenye waya huo! Kumbe kinazuia umeme usiteremke ukatuua.

Mlingoti wa redio ya ridhaa, yaani isiyo ya biashara, nao hukazwa kwa nyaya zenye vihami, lakini kwa sababu nyingine. Gawa 300 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Mfano: 300 ÷ 7 ni karibu 43, nusu yake ni mita 21 na ushei. Waya wa kukaza wenye urefu huo hugeuka eriali ya pili. Hunyonya nguvu za eriali yenyewe na kuzitupa kusikotakiwa. Dawa yake ni kuukata vipande vitatu vya mita 7, kisha kuviunga kwa vihami.

Je, mlingoti hautaanguka? La. Vitanzi vya nyaya hupishana ndani ya kauri bila kugusana. Hata kauri ikipasuka, vitanzi hunasana.

Kwetu Diani na Msambweni, chumvi ya bahari huganda juu ya kauri. Ikilowa hupitisha umeme. Basi ioshwe.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Nanyi wadogo zangu, msibembee tena!