Majina ya Jirani Si Rehani

Kukopa si jambo geni. Kando ya Ziwa Viktoria, mtu aliyepungukiwa hukopa, na mkopeshaji hutaka rehani: nyavu, baiskeli au mifugo. Leo, wasomaji wetu, twataka kujifunza habari za rehani mpya, ambayo wengi huitoa pasipo kujua.

Mfikirini mama auzaye dagaa pale Mwaloni Kirumba, mjini Mwanza. Mtaji umepungua, na simu yake yamwonyesha programu ikopeshayo fedha kwa dakika chache. Kabla ya kumkopesha, programu yaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina iliyomo katika simu. Mama abonyeza neno "ruhusu". Papo hapo majina na namba za ndugu, wateja na majirani zake zaweza kunakiliwa na kupelekwa kwa mkopeshaji. Akichelewa kulipa, watu hao hupigiwa simu au hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Rehani yake ilikuwa heshima yake, pamoja na majina ya watu ambao hawakukopa hata senti moja.

Serikali haikunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwaka huo huo kampuni ya Google ilizikataza programu za mikopo katika duka lake kusoma orodha za majina na picha. Hata hivyo, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha pasipo leseni. Basi, katazo la mwenye duka peke yake halitoshi, kwa maana programu yaweza kupatikana hata nje ya duka hilo.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, kabla ya kukopa, tuhakikishe kwamba mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Pili, programu ya mkopo ikiomba orodha ya majina, tuikatalie, hata kama shida yatubana. Tatu, aliyeaibishwa asijifiche kwa haya, bali apeleke malalamiko yake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nanyi wazazi, wafundisheni watoto kusoma kabla ya kubonyeza.

Deni ni letu, na yatupasa kulilipa. Bali jina la jirani tuliloandika katika simu ni amana, na amana haiwekwi rehani.