Simu ya Mkononi Ndani ya Ndege Ndogo

Msafiri atokaye Busisi siku hizi huvuka Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, akafika Mwanza bila kungoja kivuko. Akipanda ndege ndogo kuelekea Kisiwa cha Rubondo, huenda akaliona daraja lilelile kutoka juu, akatamani kulipiga picha na kuwatumia jamaa papo hapo. Kupiga picha hakuna ubaya. Tatizo ni kule kutuma.

Kwa nini tunatahadharisha?

Simu iliyowashwa hutafuta mnara hata usipoongea, na kadiri mnara ulivyo mbali ndivyo inavyoongeza nguvu ya mawimbi yake. Pengine umewahi kusikia redio ikikoroma muda mfupi kabla ya simu iliyo karibu kulia. Mkoromo kama huo waweza kuingia katika vipokea sauti vya rubani. Katika ndege kubwa abiria huketi mbali na rubani; katika ndege ndogo huweza kuketi naye bega kwa bega. Hatusemi kwamba simu moja itaiangusha ndege. Tunachohofia ni neno moja la mwongoza ndege, kuhusu upepo au ndege nyingine iliyo karibu, kupotea wakati wa kutua.

Mambo ya kuzingatia

1. Maliza mazungumzo na miamala ya fedha kabla ya kupanda. Mwarifu mwenyeji wako saa utakayofika.

2. Izime simu au iweke katika hali ya ndegeni. Kuondoa sauti pekee hakutoshi.

3. Omba ruhusa ya rubani kabla ya kupiga picha. Uitume baada ya kushuka.

4. Betri ya akiba ibebe mkononi, usiifungie katika mzigo. Simu ikipata joto kali au kutoa moshi, mwarifu rubani mara moja.

Haki yako

Unastahili kuelezwa taratibu za usalama kabla ya ndege kuruka. Usipoelewa, uliza wakati ndege ingali chini. Rubani akisema simu zote zizimwe, tii.

Jipime

Jirani yako ameondoa sauti ya simu, kisha anakuambia, "Nimeshaizima." Utamweleza nini?