Mtoto Anayeficha Kosa

*Swali: Binti wa miaka 4 akivunja kikombe hukana, hata vipande vikiwa miguuni pake. Baba yake humchapa, lakini uongo unazidi. Je, ameharibika tabia? Mama, Tanga.*

Jibu: Mama huyu anahofu kwamba uongo umekwisha kuwa tabia ya binti yake, lakini katika umri huo kukana kosa ni dalili ya akili inayokua, kwa kuwa mtoto ndiyo kwanza anagundua kwamba analolijua yeye, mwingine anaweza asilijue. Fimbo humfunza kuogopa, na mwenye hofu huficha. Mwaka 2011 watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti uliolinganisha shule mbili za Afrika Magharibi, ambapo watoto wa miaka 3 na 4 katika shule ya viboko walidanganya zaidi, tena kwa ustadi zaidi, kuliko wenzao wa shule isiyochapa.

Inafaa wazazi wasimtege binti kwa kuuliza "Nani kavunja?" ilhali jibu wanalijua, bali waseme kikombe kimevunjika, wazoe vipande wenyewe, naye apewe kitambaa afute chai iliyomwagika; huko ndiko kuwajibika, yaani kurekebisha ulichoharibu. Akikiri, ashukuriwe kabla ya kuonywa. Wakubwa nao wasimtume aseme "baba hayupo" ilhali yupo chumbani, kwani maadili, yaani mema ambayo mtu huyashika hata asipotazamwa, huigwa kabla ya kufundishwa.

Hofu ya binti ikizidi, kwa mfano akirudia kukojoa kitandani, akishtuka usingizini au akimkimbia baba, apelekwe kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii; namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.