SOMO LA MWEZI: KUMWOGESHA MZEE KWA HESHIMA

Soma: Yohana 13:1–17; Mambo ya Walawi 19:32



Kila Alhamisi Kuu tunaoshana miguu kanisani. Tuseme kweli: miguu hiyo imekwisha kuoshwa nyumbani, na viatu vimepigwa rangi. Lakini katika nyumba zetu wamo wazee na waliopooza ambao hawajaoga vizuri tangu juma lililopita. Somo letu lahusu hao.

Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili. Mama yetu alipopita miaka 80 alianza kukataa kuoga. Kila siku alikuwa na sababu: leo baridi, kesho kichwa. Tukamkaripia kama mtoto. Baadaye akaacha kuja kwenye Ushirika Mtakatifu, nasi tukasema ni ukaidi wa uzee. Ndipo siku moja akamwambia mjukuu wake neno ambalo sisi hatukuambiwa: aliteleza bafuni, akashika kamba ya kuanikia nguo, nayo ikakatika. Hakuvunjika, lakini hofu ilimwingia. Na kanisani aliona haya kukaa karibu na watu. Kumbe mama hakuwa mkaidi. Aliogopa sakafu.

Tutazame mambo mawili katika Yohana 13. Kwanza, Bwana alitayarisha vyombo: kitambaa, maji na beseni. Upendo wake ulikuwa na vifaa. Pili, Petro alipokataa, Bwana hakumshika miguu kwa nguvu. Alisema naye mpaka akakubali. Basi nasi tufanye hayo mawili.

VIFAA

1. Kiti. Kigoda cha jikoni hakifai, kwa maana ni kifupi na mzee hawezi kuinuka. Mwombe seremala atengeneze kiti imara chenye mikono, kimo chake kama sentimeta 45, ili nyayo zikanyage chini sawasawa. Mwenye magoti magumu aongezewe kidogo. Vipande vya tairi kuukuu vikipigiliwa chini ya miguu, kiti hakitelezi.

2. Mahali pa kushika. Fundi aweke bomba la chuma ukutani, nene kiasi cha kushikika vema, usawa wa kiuno, upande wa mkono wenye nguvu. Liingizwe ukutani kwa saruji au kwa skrubu kubwa. Misumari haitoshi, na kamba tumekwisha kuona mwisho wake.

3. Sakafu. Saruji iliyolainishwa ni hatari ikipata sabuni. Ikwaruzwe, au itandikwe mpira wenye vinundu. Isuguliwe mara kwa mara ili kuondoa utelezi.

4. Vyombo vidogo. Ndoo iwekwe juu ya benchi, mzee asiiname. Dodoki lifungwe kwenye mpini mrefu ili afikie mgongo na miguu. Sabuni itiwe katika soksi safi na kufungwa mkononi, isianguke.

5. Mlango. Usifungwe kwa komeo la ndani. Pazia zito hutosha kumsitiri, na akiita asikiwe.

NAMNA YA KUSAIDIA

Tia maji baridi kwanza, kisha ya moto, uyapime kwa kiwiko. Aliyepooza, au mwenye ugonjwa wa sukari, huenda asisikie maji yakimchoma. Usimvute kwa mikono. Mwache ashike bomba, nawe simama karibu. Anza na uso, malizia sehemu za siri, na anazoweza kujisafisha mwenyewe mwachie. Mkaushe katikati ya vidole na kwenye mikunjo ya ngozi. Aliyepooza upande mmoja, mvue nguo ukianzia mkono mzima, na kumvika anzia mkono uliopooza.

Asiyeweza kuondoka kitandani aogeshwe sehemu moja moja, na mwili uliobaki ufunikwe. Uchi wa mzazi si jambo la kutazamwa na nyumba nzima. Mzee aulizwe ni nani amsaidie. Pengine mkwe hawezi kwa desturi, wala binti kwa baba yake. Hapo ndipo Umoja wa Akina Mama na wazee wa kanisa waingie kwa zamu.

Kiti cha mama yetu kilimchukua seremala alasiri moja tu. Siku ya kwanza tulimketisha, tukamsogezea maji, tukabaki tumesimama. Akatutazama akasema, "Haya, sasa ondokeni." Akaoga mwenyewe, akiimba. Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, safu ya mbele. Kwa miezi mingi tulikuwa tumeuliza nani atamwogesha, wala hatukuuliza ni kitu gani kingemwezesha kuoga mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika mtaa wetu, ni mzee gani ameacha kuja kanisani? Nani amekwenda kumwuliza sababu, na kumsikiliza?
2. Leo ingia katika bafu la nyumbani kwako, ukae chini, ujaribu kuinuka bila kushika kitu. Umeona nini?
3. Je, mafundi wa mtaa wetu wanaweza kutengeneza viti viwili au vitatu kabla ya Alhamisi Kuu ijayo?

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyejifunga kitambaa ukainama mbele ya rafiki zako, utusamehe ukali wetu kwa wazee wetu. Utupe mikono ya upole, na masikio ya kusikia hofu wasiyoitamka. Amina.